Mgonjwa Haulizwi Uji: Neno la Mgonjwa katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana ya kwanza ya methali hii ni ya ukarimu. Anayemuuguza mtu hangoji aombwe. Huupika uji, akaupoza, akaupeleka kitandani, kwa kuwa kumwuliza mnyonge kama anataka kulishwa ni namna ya kumnyima. Lakini methali ni kama dawa: hutegemea iko mkononi mwa nani na imepimwa kiasi gani. Ikitoka kinywani mwa mama anayekoroga uji, ni huruma. Ikitoka kinywani mwa mwenye mamlaka, aliyesimama juu ya kitanda akiwa na karatasi na kalamu, neno la mwisho huanguka njiani na likabaki neno moja tu: mgonjwa haulizwi.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi fasihi ya Kiswahili ilivyomshughulikia mgonjwa, na hasa swali moja ambalo wahakiki wengi wamelipita haraka: ni nani aliye na haki ya kusema kitandani pa mgonjwa? Kazi zitakazojadiliwa ni chache, nazo zimechaguliwa kwa sababu kila moja yaonyesha hatua mahsusi. Ya kwanza ni Utendi wa Mwana Kupona wa karne ya kumi na tisa. Zinafuata riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, yaani Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), kisha tamthilia zilizozaliwa na janga la ukimwi. Dai la makala ni kwamba, kadiri fasihi hii ilivyosogea kutoka kwa Mwana Kupona hadi kwa tamthilia za ukimwi, mgonjwa alipoteza neno lake hatua kwa hatua. Alianza akiwa mwenye kufunza, akaishia kuwa funzo. Mabadiliko hayo hayakuwa ya kifasihi peke yake. Yanalingana kwa karibu mno na yale ambayo mgonjwa wa leo hukutana nayo katika wodi na katika fomu anazotiwa mkononi.

Kitanda cha Mwana Kupona

Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858, miaka miwili hivi baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siu. Aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, naye mwenyewe alifariki miaka michache baadaye. Tangu Alice Werner na William Hichens walipouchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, utendi huu umesomwa zaidi kama mkoba wa maadili ya mke mwema. Wapo walioulaumu kwa kumfunza mwanamke unyenyekevu kwa mume. Wapo waliojibu, kama Ann Biersteker katika uchambuzi wake wa mwaka 1991, kwamba utendi una kejeli na nguvu za chini kwa chini zinazompa mwanamke mamlaka ambayo msomaji wa juu juu hayaoni. Mjadala huo ni mzito na una faida. Hata hivyo pande zote mbili zimeyatazama zaidi mawaidha yenyewe, zikakipita kitanda ambacho mawaidha hayo yametolewa.

Utendi unaanza kitandani. Mama amwita binti yake asogee karibu. Amweleza kwamba maradhi yamemshika muda wa mwaka mzima na kwamba hajapata wasaa wa kumwambia neno la maana. Ataka wino na karatasi. Hayo yote yanatendeka kabla ya shauri lolote kutolewa, na yafaa yapimwe kwa makini. Mwana Kupona hafichi kwamba yu mgonjwa, wala haombi radhi kwa ugonjwa wake. Hasemi ugonjwa huo umetokana na kosa la mtu. Aueleza kama jambo lililomfika, akataja muda wake, kisha aufanya kuwa mahali pa kusemea. Maradhi yanampa haraka, na haraka hiyo inampa mamlaka. Binti hawezi kusema kwamba atakuja kusikiliza kesho.

Jambo la pili ni la ndani zaidi. Mama huyu ayaita mawaidha yake hirizi, akamtaka binti aifunge vizuri kwa uzi na kuitunza. Hirizi katika mazingira ya Pate, Siu na Lamu si sitiari ya mbali. Ni kimoja kati ya vyombo vya kinga na tiba. Huandikwa na mjuzi na kuvaliwa na anayehofia madhara au anayetaka kupona. Kwa kawaida basi hirizi humwendea mgonjwa. Hapa mwendo umegeuzwa: mgonjwa ndiye anayeiandika, na mzima ndiye anayeivaa. Yule ambaye jamii ingemhesabu kuwa mpokeaji wa dawa amekuwa mtoaji wake. Hata anapofika mwisho na kumwomba Mungu amwondolee maradhi, anafanya hivyo kwa ulimi wake mwenyewe. Hakuna shehe wala tabibu anayemwombea kwa niaba yake ndani ya utendi.

Haifai kuutia utendi huu rangi ya kupendeza kupita kiasi. Mwana Kupona alikuwa mwungwana, mjane wa mtawala, mwanamke aliyesoma. Kitandani pake palikuwa na mtu wa kutumwa karatasi. Mjakazi aliyeugua katika mji huo huo hakuachiwa wino, na maradhi yake hayakuandikwa na mtu. Kwa hiyo uwezo wa mgonjwa kusema ulikuwa tangu hapo ni suala la tabaka. Lakini kielelezo kimebaki: katika mojawapo ya kazi kongwe zinazopendwa zaidi za Kiswahili, mgonjwa ndiye mwenye neno, na wazima ndio wanaosikiliza.

Ugonjwa kama hukumu

Katika riwaya za Kezilahabi mambo yamebadilika. Mwandishi huyu wa Ukerewe alileta katika riwaya ya Kiswahili ujasiri wa kuutazama mwili wa binadamu bila pazia, na deni ambalo fasihi inalo kwake halina shaka. Katika Rosa Mistika, msichana aliyelelewa chini ya ukali na ulevi wa baba yake apoteza mwelekeo akiwa masomoni, atoa mimba, na hatimaye ajiua baada ya kukataliwa na mchumba. Kitabu kilipotoka kilizua ghadhabu na kikazuiwa shuleni kwa muda. Waliokizuia walidhani kinafunza uasherati. Lau wangekisoma kwa utulivu wangeona kwamba kosa lake, kama lipo, liko upande wa pili: kitabu kina ukali wa mhubiri. Kila kinachoupata mwili wa Rosa kinaingia katika daftari la malipo. Utoaji mimba, ambao kwa msichana halisi ni hatari ya kuvuja damu na ya kuoza kwa kizazi, katika mpango wa riwaya ni hatua katika ngazi ya kushuka. Msomaji ajua Rosa amefanya nini. Ni kidogo sana anachokijua juu ya kilichomwuma.

Kichwamaji yaenda mbali zaidi. Kazimoto, kijana msomi, ndiye msimulizi, kwa hiyo mtu angetarajia kwamba hapa mgonjwa amerudishiwa neno lake. Kazimoto amwoa Sabina. Mtoto wao azaliwa na kichwa kikubwa na hapati kuishi. Manase, msomi mwenziwe, naye ana mtoto mwenye kichwa cha namna hiyo hiyo. Riwaya yaunganisha vichwa hivyo na maradhi yaliyopatikana kwa mienendo ya baba zao, na Kazimoto ajiua. Jina la kitabu lajumlisha yote: kizazi cha wasomi kimejaa maji kichwani, na maji hayo yamewafikia watoto.

Kama sanaa, picha hii ina nguvu ambayo riwaya chache za Kiswahili zimeifikia. Yaonyesha kukata tamaa kwa msomi asiye na pa kusimama, ambaye elimu imemtenga na wazazi bila kumfikisha popote. Lakini picha yenye nguvu hudai bei, na mhakiki hana budi kuuliza ni nani aliyeilipa. Mtoto mwenye kichwa kikubwa si ishara tu. Yupo. Ana mama, naye mama huyo ana majirani. Ugonjwa huu hutokea pale ambapo maji yanayouzunguka ubongo yanashindwa kupita njia yake na kujikusanya. Huweza kutokana na hitilafu ya maumbile tangu tumboni, pengine ukiandamana na mgongo wazi, au maambukizo yanayompata mtoto mchanga, au kuvuja damu ubongoni. Huko Mbale, mashariki mwa Uganda, ilifunguliwa hospitali ya watoto mwaka 2001, na daktari Benjamin Warf aligundua kwamba wengi wa watoto waliofikishwa kwake walikuwa wamepata ugonjwa huo kutokana na maambukizo baada ya kuzaliwa. Yeye na wenzake waliendeleza njia ya upasuaji ya kuyafungulia maji mkondo mpya ndani ya ubongo bila kumwachia mtoto mrija wa kudumu. Watoto hao hutibiwa, na wengi hukua.

Kezilahabi hakuwa akiandika kitabu cha utabibu, na ujuzi wa Mbale haukuwapo mwaka 1974. Kumlaumu kwa hilo kungekuwa ni dhuluma. Lakini linalohusu uhakiki si usahihi wa kitabibu; ni mwelekeo wa fikra. Riwaya ilikuta katika jamii imani ya zamani kwamba mtoto mwenye ulemavu ni barua iliyoandikwa kwa wazazi wake, na badala ya kuihoji imani hiyo ikaipa fahari ya falsafa. Mama anayemfunika mtoto wake kwa khanga asionekane njiani haogopi ugonjwa. Anaogopa kusomwa. Yaani anaogopa kwamba kila amtazamaye mtoto atautafuta ndani yake uovu wa baba au wa mama, kama vile msomaji wa Kichwamaji anavyofundishwa kuutafuta. Na atazamwe Sabina. Amebeba mimba, amezaa kwa uchungu, amefiwa na mtoto kisha na mume, naye hakutenda lolote lililomstahilisha hayo. Katika hesabu ya riwaya yeye ni mahali ambapo adhabu ya mwingine imetua. Sauti ya Kazimoto ni ya kifalsafa na yasikika hadi mwisho. Sauti ya aliyezaa haijasikika.

Mwaka 1978 mwandishi wa Marekani, Susan Sontag, alichapisha kitabu kidogo kilichodai kwamba sitiari za ugonjwa humwongezea mgonjwa mzigo wa pili. Alikuwa ametoka kutibiwa saratani, ingawa kitabuni hakujitaja. Alichambua jinsi kifua kikuu na saratani zilivyogeuzwa kuwa tafsiri za tabia ya mtu, hata mgonjwa akaona haya kwa jambo ambalo hakulichagua. Haimpasi msomaji wa Kiswahili kukubali kila neno la Sontag. Lugha isiyo na sitiari ni lugha isiyo na pumzi. Lakini onyo lake lafaa kushikwa na kila mwandishi: kabla ya kuutumia ugonjwa wa mtu kama kioo cha jamii, yafaa kuhakikisha kwamba mtu mwenyewe hajafutika nyuma ya kioo.

Mgonjwa kama funzo

Miaka kumi baada ya Kichwamaji lilikuja janga ambalo lilizipima sitiari hizo zote. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na nchini Kenya mwaka 1984. Lugha ilitangulia utabibu. Huko Kagera watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kwa biashara kutoka Uganda. Jina hilo lilibeba ndani yake fununu juu ya pesa, magendo na wanawake. Baadaye vijana wa mijini Tanzania wakaziita athari zake miwaya, kana kwamba aliyeambukizwa amekanyaga umeme kwa uzembe wake. Jina rasmi, ukimwi, liliundwa kwa kufupisha Upungufu wa Kinga Mwilini. Kati ya majina yote hilo ndilo lenye haki zaidi, kwa kuwa lataja kilichopungua mwilini na kunyamaza kuhusu mwenendo.

Fasihi haikunyamaza. Ushuhuda wa Mifupa (1990), tamthilia ya Ibrahim Ngozi, ni miongoni mwa kazi za mwanzo, na jina lake lenyewe lakubali kwamba shahidi anayengojwa amekwisha kuwa mifupa. Kilio Chetu (1996), iliyotolewa na Medical Aid Foundation na kusomwa sana katika shule za Tanzania, ilipiga hatua ya kusifiwa. Humo vijana wanaangamia kwa sababu wazazi wameona ni aibu kuwaeleza habari za miili yao. Joti afa kwa ukimwi, na Anna anabaki na mimba. Lawama imehamishwa: kutoka tabia ya kijana imekwenda kwenye kimya cha mkubwa. Hata hivyo Joti mwenyewe, akiwa mgonjwa, ana kazi moja tu katika mpango wa tamthilia, nayo ni kufa ili wengine waelewe.

Orodha (2006) ya Steve Reynolds ndiyo inayokaribia zaidi kulirudisha neno kwa mwenyewe. Furaha, msichana wa kijijini, amekufa kwa ukimwi na ameacha barua yenye orodha. Wanaume wa kijiji, wakiwamo waheshimiwa, wanatetemeka wakidhani majina yao yamo, na wanafanya kila hila isisomwe. Barua inaposomwa mazishini yaonekana kwamba orodha haikuwa ya majina ya watu. Ilikuwa ya mambo ambayo yangeweza kumwokoa. Huo ni ufundi wa kweli wa kimaadili. Kijiji kilingoja hukumu kikapewa mahitaji. Furaha, kama Mwana Kupona, ameandika waraka kutoka kitandani, na waraka wake umewatibu wazima. Lakini tofauti ya miaka 148 kati ya kazi hizo mbili imo katika jambo moja zito. Mwana Kupona aita binti yake naye aja akasikiliza. Furaha hakupata wa kumwita. Neno lake limeruhusiwa kusikika baada ya mwili wake kuwekwa jenezani. Mtazamaji aondoka akiwa amejifunza mengi kutoka kwa maiti, na bila kuonyeshwa jinsi ya kukaa na aliye hai.

Watetezi wa tamthilia hizi wana hoja, nayo yastahili kujibiwa. Watasema kwamba miaka ile watu walikuwa wakifa kwa wingi, dawa hazikuwapo, na hofu ilikuwa silaha pekee. Msanii hakuwa na wasaa wa kuchora nafsi ya mgonjwa. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa ufupi wa muda. Kwa upande wa hofu imekosea. Hofu haikumzuia mtu kuambukizwa kama ilivyomzuia kupimwa. Aliyefunzwa kwa michezo na nyimbo kwamba ugonjwa huo ni mwisho na ni aibu alikuwa na kila sababu ya kutotaka kujua kama anao. Na dawa za kupunguza makali zilipoanza kuenea katika hospitali za umma katika miaka ya 2000, mgonjwa aliyeweza kuishi miongo mingi alikuta kwamba fasihi ilikuwa imekwisha kumzika. Hakuna tamthilia iliyokuwa imemwandalia nafasi ya kuzeeka.

Neno lenyewe la kumtajia lilikuwa taabu. Kwa muda mrefu magazeti na redio zilimwita mwathirika. Kitenzi kuathirika ni cha hali ya kutendeka: mwenye jina hilo hatendi, hutendewa. Wenyewe walilikataa neno hilo wakataka waitwe watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Jina hilo ni refu na halina mdundo, lakini kitenzi chake ni kuishi, na mtendaji wake ni mtu. Hapo wagonjwa walifanya kazi ya uhakiki ambayo wahakiki walikuwa wameiacha.

Mfano wa Gerasim

Yafaa kutazama nje kidogo, ili isidhaniwe kwamba fasihi lazima ichague kati ya kuonya na kumheshimu mgonjwa. Katika Kifo cha Ivan Ilyich, hadithi ya Leo Tolstoy ya mwaka 1886, hakimu wa Urusi aliyefanikiwa katika kazi na cheo aanza kuumwa ubavuni. Madaktari wanamjia mmoja baada ya mwingine. Wanabishana kuhusu figo na utumbo, na hakuna anayejibu swali lake moja: je, hali yangu ni ya hatari au sivyo? Ivan atambua kwa mshtuko kwamba daktari anamtendea kama yeye mwenyewe alivyowatendea washtakiwa mahakamani: kwa adabu, kwa utaratibu, na bila kumwona. Kinachomtesa kuliko maumivu ni uongo wa nyumba nzima, kwamba yeye ni mgonjwa tu na wala hafi.

Anayemwokoa na upweke huo ni Gerasim, kijana wa kishamba aliye mtumishi nyumbani. Gerasim amsafisha bila kinyaa na kumshikilia miguu juu ya mabega yake kwa kuwa hivyo maumivu hupungua. Anafanya hivyo usiku kucha kwa sababu mgonjwa ameomba. Naye hasemi uongo. Anakiri kwa ukunjufu kwamba sote tutakufa, basi kwa nini asijisumbue kidogo kwa ajili ya mwenziwe? Tolstoy ana mengi ya kumhukumu Ivan, na hadithi yote ni hukumu juu ya maisha ya uongo. Lakini hukumu hiyo imeachiwa Ivan mwenyewe aitoe, kwa akili yake, kitandani pake. Huo ndio mpaka ambao riwaya na tamthilia zilizotajwa zimeuvuka. Kwa Kiswahili Gerasim ni muuguzi kamili, na lugha yenyewe yaliona jambo hilo: kuuguza kumezaliwa na kuugua, mzizi mmoja wenye kiambishi cha kusababisha. Ni vigumu kulitamka neno la anayehudumia bila kulipitia neno la anayeumwa.

Kutoka kitabuni hadi wodini

Yaweza kuulizwa kama haya yana uzito nje ya darasa la fasihi. Yanao. Mwanafunzi atakayekuwa muuguzi au daktari mara nyingi hukutana na mgonjwa kitabuni kabla ya kukutana naye wodini. Akifunzwa kwamba mgonjwa ni funzo, atamwendea kama funzo, na ikiwa ni hukumu, atamtafutia kosa kabla ya kumtafutia mshipa.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za uchunguzi na tiba zilizopo, pamoja na manufaa na hatari zake. Yataka pia kwamba, inapowezekana, maelezo hayo yatolewe kwa lugha ambayo mgonjwa aielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba ya mwaka 2010 ilikwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kwa maandishi basi mgonjwa amerudishiwa neno lake. Lakini ridhaa haipatikani kwa sahihi. Fomu iliyoandikwa kwa lugha ngeni, ikatiwa mkononi mwa mwanamke mwenye uchungu wa uzazi, ni uji ule ule asioulizwa, isipokuwa huu umepikwa na asiyemjua. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba mwanamke mwenye virusi vya ukimwi aliyefungwa kizazi bila ridhaa ya ufahamu alikuwa amevunjiwa haki zake. Kabla ya hapo, mwaka 2015, mahakama hiyo ilikuwa imeamua kwamba ni kinyume cha Katiba kumzuilia hospitalini mama aliyejifungua kwa sababu hana fedha za kulipa. Kesi zote mbili zilihusu wanawake maskini. Jibu la swali lililoachwa na mjakazi wa Siu asiyepewa wino lilibidi lingoje mahakama.

Hapa wanaisimu na waandishi wana kazi ambayo daktari hawezi kuifanya peke yake. Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya maradhi: kifaduro, pepopunda, degedege, safura, matende, kaswende, kisonono. Kina pia uwezo wa kutofautisha maumivu: huchoma, hukata, huwanga, hupwita, hunyonga. Mgonjwa anayesema kichwa chanipwita amekwisha kumpa tabibu nusu ya uchunguzi, mradi tabibu awe anakijua kitenzi hicho. Kilichopungua ni istilahi za mazungumzo yenyewe: jinsi ya kumwambia mtu kwamba tiba yaweza kushindwa, kwamba ana haki ya kukataa, kwamba utafiti anaoombwa kuingia si matibabu. Mara nyingi maneno utafiti, uchunguzi na upimaji hutumiwa kana kwamba ni jambo moja, na mgonjwa hutoa damu yake kwa utafiti akidhani inapimwa ili atibiwe. Huo si upungufu wa msamiati tu. Ni mlango wa dhuluma ulioachwa wazi na wenye lugha.

Hitimisho

Methali ya mgonjwa na uji haina haja ya kutupwa. Ilizaliwa katika nyumba ambamo mpishi wa uji alimjua mgonjwa, alijua anaupenda mwepesi au mzito, na alikuwa amekaa naye usiku uliotangulia. Swali halikuhitajika kwa kuwa jibu lilikwisha kujulikana. Hospitali ya leo, pamoja na manufaa yake yote, ni nyumba ya wageni; na fasihi inayomwandika mgonjwa bila kukaa naye ni mgeni vile vile. Katika nyumba ya namna hiyo methali haina budi kusomwa kinyume: kwa kuwa hatumjui, mgonjwa aulizwe.

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuipima kazi kwa kuuliza inaifunza nini jamii. Kipimo hicho kimelea vizazi vya waandishi wenye dhamiri, na hakistahili kudharauliwa. Lakini kinapomhusu mgonjwa kimeonyesha upungufu wake, kwa kuwa kimehalalisha kumgeuza mtu kuwa somo. Yafaa kiongezewe swali la pili: aliyeumwa katika kazi hii amepewa nafasi ya kusema nini kabla ya kufa? Kwa kipimo hicho Kichwamaji itabaki riwaya kubwa yenye kosa kubwa, Orodha itaonekana kuwa imekaribia mlango bila kuingia, na utendi wa mjane wa Siu, ambao wengi walidhani ni mawaidha ya jikoni tu, utakuwa mbele ya zote. Mwandishi atakayeandika wodi ya leo kwa Kiswahili, pamoja na foleni yake, bili yake, muuguzi wake aliyechoka na mgonjwa wake anayeishi miaka ishirini na virusi, ataanzia pale alipoishia mjane huyo: asogee karibu, alete wino na karatasi, asikilize.